Umeringishia Fremu, Tairi Je? Wadau wa Baiskeli Mara Tuambiane

Wadau, kuna picha imetembea sana wiki hizi kwenye simu za watu wa Musoma. Simtaji mtu, mnaojua mnajua. Jamaa kasimama kwenye mawe ya ziwani, jua linazama nyuma yake, miwani inabadilika rangi, na mbele yake baiskeli mpya kabisa ya milimani, fremu ya kaboni. Chini kaandika "chuma kipya". Kaboni sio chuma kaka, ila tuyaache hayo. Laiki zikamiminika, madada wakatupia mioyo, na kuna mtu akakomenti "mura, umetuua".

Picha haikuonyesha Jumapili yake. Msafara wa kwenda Butiama, watu kumi na kitu, wametoka mjini asubuhi na mapema. Kabla hata ya Makutano mwamba kapata pancha. Kabadili tyubu. Mbele kidogo ya pili, hiyo ikazibwa kwa kiraka. Ya tatu ikachana pale kwenye mdomo wa valvu, tyubu ya akiba hana, na fundi aliyekuwepo kando ya barabara alikuwa na tyubu nyingi tu, hakuna hata moja iliyokubali kuingia kwenye ringi yake. Akamalizia safari nyuma ya bodaboda, baiskeli ya mamilioni kaikumbatia kama mtu anayetoka mnadani na mbuzi. Hiyo hakuna aliyeiposti.

Sijaandika kumcheka. Hela zake, baiskeli yake, apande anavyotaka. Kilichonifanya niandike ni dogo mmoja wa Nyasho, naye simtaji. Huyu alinunua mtumba kwa pesa ya kubeba dagaa, fremu ya chuma, ringi za inchi 26, gia zinaingia zikijisikia. Akaomba kujiunga na kundi moja la hapa mjini, lile lenye jezi zinazofanana. Akajibiwa kwenye grupu, mbele ya watu wote, kwamba "hapa ni 29 tu, hiyo ya kwako kachotee maji". Watu wakacheka, wakatuma vikatuni. Dogo akatoka kwenye grupu usiku huohuo, na wiki iliyofuata baiskeli ikawa inauzwa.

Mimi nasema hivi: waliomcheka hawajui baiskeli. Wanajua bei za baiskeli, na hapa kwetu hizo elimu mbili zimepishana sana.

Tuanzie kwenye hilo la 29, maana ndiyo fimbo waliyompigia. Namba zinazoandikwa kwenye tairi za baiskeli ni vurugu tupu. Tairi la Phoenix ya mzee wako, lile tunaloita 28, linakaa kwenye ringi yenye kipenyo cha milimita 635. Tairi la 29 la hizo baiskeli mpya za milimani linakaa kwenye ringi ya milimita 622. Umesoma vizuri, ringi ya 28 ni kubwa kuliko ya 29. Kinachofanya 29 ionekane jitu ni unene wa tairi lenyewe. Ya 26 ni milimita 559, na ile ya katikati, 27.5, ni 584. Ukitaka ukweli usisome namba kubwa iliyoandikwa kwa mbwembwe, tafuta zile ndogo ubavuni mwa tairi, zimeandikwa kama 57-622. Ya kwanza ni unene, ya pili ni kipenyo cha ringi. Basi. Ukienda dukani na hizo mbili hakuna wa kukuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kwa hiyo yule babu anayetoka Bunda vijijini na gunia la mkaa kwenye keria, juu ya Phoenix, ana ringi kubwa kuliko kundi zima la jezi. Na yeye mwambieni akachote maji.

Sasa turudi kwa fundi aliyeshindwa kumsaidia staa wetu. Watu walisema fundi ni wa kishamba, hajui baiskeli za kisasa. Hapana. Tatizo lilikuwa tundu. Tyubu za mafundi wetu wengi zina valvu ya aina mbili, ile ya kizamani ya Phoenix yenye kampira kadogo ndani, na ile nene inayofanana na ya gari na pikipiki. Zote zinataka tundu la milimita nane na ushee kwenye ringi. Baiskeli za bei mbaya zinakuja na valvu nyembamba ya Kifaransa, ile yenye kinati kidogo juu, na tundu lake ni milimita sita na ushee. Tyubu ya fundi haipiti hapo hata umlete nani. Angekuwa na tundu nene, fundi angemwekea tyubu ya 28 kwenye tairi lake la 29, ingevutika kidogo, na angefika kwa Mwalimu akiwa anapiga pedali. Milimita mbili tu, jamani, ndizo zilimpandisha bodaboda.

Halafu faida ya valvu ya gari haiishii hapo. Pampu ikikufia Bunda unaingia kituo chochote cha mafuta au kwa fundi wa pikipiki, unajaziwa upepo, unaondoka. Mwenye valvu nyembamba atatafuta kale ka-adapta ambako kalikuwa kwenye begi lingine.

Ringi ya aluminiamu yenye upana wa kutosha fundi makini anaweza kuipanua tundu kwa drili na kulisugua kingo vizuri lisikate tyubu. Ringi ya kaboni usimruhusu mtu aiguse na drili, utalia.

Nikija kwenye tairi lenyewe, hapa ndipo nina ugomvi na nusu ya mji. Mtu anatoa mamilioni kwenye fremu, halafu tairi anabaki na lile lililokuja na baiskeli, jepesi, ubavu kama karatasi, limetengenezwa ili mzani wa dukani usome vizuri. Unalileta Mara. Mkoa wa migunga! Mkoa wenye mbigili hadi kwenye viwanja vya mpira! Miiba ya huku inaingia kwenye kandambili inatokea upande wa pili, itashindwa tairi la gramu mia sita?

Tairi ndicho kitu pekee kwenye baiskeli kinachogusa ardhi. Fremu haijawahi kugusa mchanga wa Makoko hata siku moja, labda siku uliyoanguka. Ukiwa na hela kidogo, mimi naziweka chini kwanza. Ubavu mgumu, kashata za kutosha kushika changarawe lakini zisizo ndefu kama za trekta, na upana wa inchi mbili na kitu kama fremu inaruhusu. Hilo litakubadilishia safari kuliko fremu mpya.

Na tujifunze upepo. Vijana wengi mnajaza mpaka tairi linalia kama ngoma, eti linakimbia. Kwenye lami sawa. Ukiingia njia ya vumbi lile tairi gumu linaruka juu ya kila kokoto, mikono inakufa ganzi, na kwenye kona linateleza kama sabuni. Mtu wa kilo sabini mwenye tairi la milimani la inchi 2.1 lenye tyubu, PSI thelathini na kitu zinamtosha. Usishuke mno pia, maana ukigonga jiwe tyubu inabanwa kati ya jiwe na ringi, unapata matundu mawili yamekaa sambamba, na hapo usiusingizie mwiba.

Najua mtasema tyubulesi. Ni kitu kizuri, sibishi. Tairi halina tyubu, ndani kuna ute unaoziba tundu lenyewe wakati unaendelea kuzungusha, mwiba unaingia na wewe huna habari. Kwa miiba ya kwetu ndiyo dawa hasa. Ila ule ute unakauka, ndani ya miezi michache tu, na kwenye joto unakauka haraka zaidi. Kwa hiyo ni kitu cha kuongeza kila mara, na lazima ujue utaupata wapi. Kama wa kwako unaletwa na mjomba anayekuja Krismasi, basi kwa miezi mingine unaendesha tairi lenye vumbi la ute ndani. Mafundi wa huku wana dawa yao, wanakata tairi chakavu, wanatoa zile nyaya za pembeni, wanalivisha ndani kati ya tairi na tyubu. Linaongeza uzito, linakuwa zito kama deni. Lakini linafika.

Kuhusu fremu nitasema machache kwa sababu makelele yake yameshakuwa mengi. Kaboni ni nyepesi na imara ikiwa nzima. Ikipata ufa, kuitengeneza kunahitaji mtu aliyesomea na vifaa vyake, na mimi mtu huyo sijamwona kati ya Musoma na Bunda. Aluminiamu ni ya kawaida na bei yake inaongeleka, ila kuichomelea sio kazi ya kila anayeuza madirisha ya grili. Chuma kinachomelewa na fundi yeyote mwenye mashine na mkono uliotulia. Kina uzito, kina kutu usipokiangalia, hasa sisi wa kandokando ya ziwa. Lakini kikikatika leo, kesho unaendesha.

Halafu mkinunua, inameni mtazame pale mikono ya pedali inapopita kwenye fremu. Kwa miaka mingi beringi za pale zilikuwa zinafungwa kwa nyuzi kama nati. Baadaye viwanda vikaja na za kushindiliwa kwa nguvu, kila kampuni na kipimo chake, eti ni nyepesi. Zikaanza kulia kri-kri-kri duniani kote, watu wakachoka, na sasa baadhi ya kampuni kubwa zimerudi kwenye nyuzi na zinatuuzia kama habari mpya. Fundi wetu wa kando ya stendi hajawahi kuondoka kwenye nyuzi. Alikaa palepale, mtindo ukazunguka ukamkuta.

Breki ni hivyohivyo. Diski za mafuta ni tamu kushuka nazo mlima Balili pale Bunda, kidole kimoja tu baiskeli inatulia. Lakini ujue zinanywa nini. Za Shimano zinatumia mafuta ya madini. Za SRAM kwa muda mrefu zimetumia DOT, mafuta yale yale ya breki za gari yanayouzwa kila duka la spea, ingawa nao siku hizi wana aina zinazotumia mafuta ya madini. Ukichanganya, mipira ya ndani inavimba na breki imekufa. Diski za waya je? Hazina sifa mtandaoni, ila waya unauzwa mpaka kwenye duka la mangi.

Sasa kwa nini kila mwaka tunaambiwa tulichonacho kimepitwa? Angalieni historia. Mchezo wenyewe wa baiskeli za milimani ulianzia California miaka ya 1970, pale Marin. Wale vijana hawakuwa na kaboni wala shokapu. Walikuwa wanaokota baiskeli za zamani za tairi nene, za miaka ya 1930 na 1940, wanapanda nazo mlimani halafu wanashuka kwa kasi kwenye vumbi. Mashindano yao yaliyoanza mwaka 1976 yaliitwa Repack, kwa sababu breki ya kukanyagia nyuma ilikuwa inapata moto mpaka grisi inaungua, wakifika chini lazima wafungue habu wapake upya. Ringi zao? Inchi 26. Mtumba, chuma, 26. Yaani dogo wa Nyasho kabisa.

Kipimo hicho cha 26 kikatawala dunia miongo mitatu. Kisha ikaja 29, ikaja 27.5, ikaja tairi kubwa mbele na dogo nyuma, na siku hizi wameanza kuongelea 32. Gia zikatoka tatu mbele zikawa moja, nyuma zikafika kumi na mbili. Habu zikapanuliwa, ringi yako ya zamani ikawa haiingii kwenye fremu mpya. Mengine ni maendeleo ya kweli, sitaki kuwa mzee wa kupinga kila kitu. Gurudumu la 29 linavuka mawe vizuri kuliko la 26, aliyejaribu anajua. Shokapu nzuri inaokoa mgongo. Lakini mengine ni biashara tu. Wakati wa korona mwaka 2020 dunia nzima ilikimbilia baiskeli, viwanda vikazalisha kama kichaa, kufika 2022 na 2023 maghala yamejaa na wateja wamepoa. Mwenye ghala limejaa lazima akutafutie sababu ya kununua. Sababu yenyewe ndiyo hiyo video unayoangalia saa sita usiku.

Na kwa ukanda wetu moto umekolea. Upande wa pili wa mpaka, Maasai Mara, kuna mbio za Migration Gravel tangu 2021, za zile baiskeli za changarawe zenye usukani uliojikunja. Septemba 2025 Kigali ikaandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Hapa nyumbani misafara ya kuelekea Butiama kumuenzi Mwalimu ikifika Oktoba 14 inapita watu wakipiga makofi barabarani. Ni raha kweli. Watoto wa Kiabakari wanakimbia pembeni wanapiga kelele, na kila mmoja anataka kuwa na yake siku moja.

Ndiyo maana lile jibu kwenye grupu limenikaa kooni. Hao watoto wataanza na nini? Wataanza na mtumba wa 26, au Phoenix ya baba yenye keria. Hakuna mtoto wa Butiama anayeanza na kaboni. Ukifunga mlango kwenye kipimo cha ringi, umewafungia karibu wote, na mchezo unabaki kuwa wa watu kumi na wawili wanaopigana picha. Na jamani, unaelekea Mwitongo, kwa mtu ambaye mwaka 1967, akiwa Rais wa nchi, alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Kwa miguu! Halafu wewe njiani unamwambia mwenzako baiskeli yake haina hadhi. Kuna vitu havihitaji hata kuelezwa.

Kuna dada mmoja wa Bunda, mfanyabiashara, wanaomjua wanamjua, aliniambia kitu nikacheka. Yeye ana baiskeli nzuri, ya gharama, na anaweza kununua nyingine kesho. Siku ya kwanza kuileta aliipeleka kwa fundi wake wa siku zote, akamwambia, "Mzee wangu, niambie ni nini humu ndani huwezi kukitengeneza." Fundi akaizunguka, akaishika hapa na pale, akamtajia vitu vinne. Dada akanunua akiba ya hivyo vinne, akaviweka kwenye boksi, boksi likakaa kwa fundi. Mpaka leo hajawahi kupanda bodaboda na baiskeli mkononi. Na fundi naye amejifunza breki za mafuta kwa baiskeli yake, sasa anatengenezea na wengine, analipwa.

Hiyo ndiyo tofauti ya mtu mwenye baiskeli na mtu mwenye picha. Wale mafundi wa pembeni mwa barabara tuliwategemea tangu enzi za baiskeli za abiria, kabla bodaboda hazijajaa. Wengi wamehamia pikipiki kwa sababu baiskeli zimepungua. Waliobaki ukiwaletea mashine ambayo hawawezi hata kuifungua, na ukawaita washamba juu yake, usishangae ukipita mwakani kibanda kimekuwa cha kuuza laini za simu.

Mtaniambia ni wivu, nishazoea. Kuna mmoja tayari kanitumia ujumbe kabla hata sijaandika, eti "wewe unatetea umaskini". Hapana kaka. Nunua kaboni, nunua hata titaniamu, sote tutakuja kuishika tuone uzito. Lakini ukiweka masharti ya kuingia kwenye msafara weka ya maana. Sema mwendo wa chini ni kilomita kadhaa kwa saa. Sema kila mtu aje na kofia ngumu, maana mabasi ya barabara ya Sirari hayana utani, na taa ya nyuma, na tyubu mbili, na pampu. Sema breki zikaguliwe kabla ya kuondoka. Dogo wa Nyasho angetimiza yote hayo. Staa wetu kwenye tyubu angebaki nyumbani.

Nimesikia ile baiskeli ya dogo bado haijauzwa, iko kwa fundi mmoja jirani na soko. Kama kuna mtu wa lile kundi anasoma hapa, na najua mpo, namba yake mnayo, maana mlimtoa wenyewe. Mpigieni kabla ya msafara wa Oktoba.

Wengine, tokeni nje sasa hivi mkapime tundu la valvu kwenye ringi zenu, kisha njooni hapo chini mtuambie, ni nane au ni sita?